Kipande cha Bati Chini ya Kizingiti

Mlango wa nyuma wa nyumba ya Mwalimu, kule Naipingo, ulianza kusumbua mwaka 2020. Bawa la kulia lilivimba, likawa halifungi mpaka ulisukume kwa bega. Mwaka uliofuata rangi ilibabuka chini ya mwimo. Ulipokwisha msimu wa mvua wa 2023 hadi 2024, ule wa El Niño, ukiibonyeza fremu kwa kidole gumba karibu na sakafu, kidole kilizama kama kwenye muhogo uliolowekwa. Vigae vitatu vya sebuleni vilikuwa vimeachia, na lipu ya ukuta wa karibu ilikuwa inatoa unga mweupe wa chumvi.

Mlango huo tuliuweka mimi na marehemu mjomba wangu mwaka 2018. Nilijua tangu siku tulipoumaliza kwamba ungeoza. Sisemi kwamba nilihisi, wala kwamba nikikumbuka sasa ndipo naona dalili. Nilijua, kwa sababu kitu ambacho kingeuzuia usioze nilikishika kwa mikono yangu, nikakipeleka kwingine.

Mwaka ule nilimaliza kidato cha sita mwezi Mei, nikawa nasubiri chuo. Mjomba alikuwa seremala anayejulikana kuanzia vijiji vya Nachingwea hadi upande wa Ruangwa, na alihitaji mtu wa kumsaidia. Kwetu Wamwera mjomba si kaka wa mama tu. Ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sauti juu yako, na kwa desturi ya zamani ndiye unayemrithi. Siku hizi dini, shule na sheria vimelegeza mambo hayo, lakini hakuna mtu kijijini aliyeshangaa kuniona nimebeba sanduku lake la zana. Walishangaa tu kwamba msomi anaweza kupiga randa.

Mwalimu alikuwa amestaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimesimamisha nyumba ya tofali za kuchoma yenye sebule pana. Kwetu nyumba nyingi nzuri ni za korosho, ziko juu au zimekwama kwenye lenta kulingana na bei ya mnada wa mwaka husika. Yake ilikuwa ya chaki. Alikuwa amekata picha kutoka gazeti moja akaihifadhi miaka mingi: mlango wa mabawa mawili, vioo kuanzia juu hadi karibu na chini, unafunguka kwenye baraza. Chini ya picha uliitwa mlango wa Kifaransa. (Wafaransa wenyewe huuita mlango-dirisha, na nadhani wako sahihi zaidi, maana tabu yake yote inatokana na kutaka kuwa vyote viwili.) Alitaka akae ndani asome huku anaiona mikorosho yake. Na kwa sababu mama yake, aliyekuwa mzee sana na akiishi naye, alikuwa anaburuza miguu, alitaka kizingiti kiwe sawasawa na sakafu, asije akajikwaa.

Ukiitazama milango ya zamani ya Zanzibar au Lamu, kitu cha kwanza watu wanachosifu ni nakshi. Mimi siku hizi nasifu kizingiti, kile kirefu ambacho mtu mzima lazima ainue mguu kukivuka, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwanya wa mabawa mawili. Mafundi wale walijua maji hupita wapi. Mlango wa Mwalimu ulitaka kinyume cha hayo yote: vioo, hakuna kizingiti cha kuvuka, upenu mfupi, halafu unatazama kaskazini mashariki, upande ambao mvua ya Januari huja nayo upepo. Unawezekana. Ila hauna msamaha. Kila kitu ambacho mlango wa kawaida unasamehewa, huu lazima ufanyiwe.

Mjomba alijua hivyo, na ndiye aliyenifundisha. Wiki ya kwanza alichukua vipande viwili vya kioo, akavibananisha, akavisimamisha kwenye sahani ya maji. Maji yakapanda katikati ya vioo, juu kuliko yale ya kwenye sahani, bila kusukumwa na mtu. Akavitanua kidogo, yakashuka.

“Umeona, mpwa wangu? Penye nafasi yanaanguka. Penye mwanya mwembamba yanapanda.”

Ndiyo maana fundi hategemei kubana peke yake. Mwanya uliobanwa vizuri bila kuzibika kabisa unavuta maji kuliko ule ulio wazi. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba maji kidogo yataingia, kisha kuyatengenezea njia ya kutoka. Baraza liwe chini kuliko sakafu ya ndani, na liiname kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kama mwenye nyumba hataki kizingiti cha kuvuka, basi nje ya mlango uchimbwe mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma juu yake, ili mguu upite na maji yaanguke. Chini ya ukingo wa ubao unaotokeza nje uchongwe mkato mdogo, tone likifika hapo lishindwe kuendelea kurudi ukutani, lidondoke. Na chini ya vyote, pale ambapo hakuna atakayeona tena, iwekwe trei ya bati la gorofa. Bati linakunjwa kwenda juu upande wa ndani na kwenye ncha zote mbili, upande wa nje linaachwa wazi na mdomo wake unainama. Fremu inakaa juu ya trei hiyo. Skrubu hazipiti kwenye bati. Zinafungwa kwenye miimo, pembeni. Silikoni inapakwa pembeni na ndani. Mdomo wa nje haupakwi kitu, kwa sababu hapo ndipo maji yaliyoingia yanatokea.

Bati la gorofa lilinunuliwa. Mwalimu alitoa shilingi 22,000, nikaenda mwenyewe Nachingwea mjini, nikarudi nalo limekunjwa kama mkeka nyuma ya bodaboda.

Kesho yake asubuhi Mjomba aliniambia nilipeleke nyumbani kwake. Paa la jiko lilikuwa limetoboka kwa kutu. Ilikuwa kiangazi, lakini usiku wa jana yake kulinyesha kamvua ka ajabu, na mkewe alikuwa amelalamika kwamba maji yaliyochanganyika na masizi yalidondokea kwenye sufuria ya uji wa watoto. “Tutanunua lingine tukilipwa awamu ya pili,” alisema. Naamini alimaanisha. Nilipanda mwenyewe juu ya jiko nikalipigilia. Siku mbili baadaye fundi wa vigae alifika mapema kuliko tulivyopatana, awamu ya pili ilikuwa bado, na fremu ilitakiwa isimame siku hiyo. Mjomba alilitazama tundu la mlango kwa muda. Kisha akasema nikoroge zege.

Tuliisimamisha fremu juu ya zege tupu. Mfereji wa nje tuliuchimba robo ya kina, kwa kuwa bila trei haukuwa na kazi kubwa. Kisha Mjomba alipaka silikoni kuzunguka fremu yote, mpaka chini kwa nje. Ilipendeza mno. Maji yakiingia kwa juu, kupitia mwanya wa mabawa au pembe ya kioo, yangekaa ndani ya fremu kama kwenye kikombe. Mwalimu alitulipa, akaongeza soda mbili.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Nimesikia mijadala mingi kuhusu uongo, na karibu yote huchukulia kwamba uongo ni maneno. Mtu anasema jambo asiloliamini ili mwingine aliamini. Kwa kipimo hicho hatukumdanganya Mwalimu. Hakuna aliyemwambia kwamba bati liko chini. Hakuuliza. Hata hivyo ile silikoni ilimwambia. Ilikuwa sentensi kamili, iliyopakwa kwa ustadi, ikisema hapa kazi imekamilika, nayo imeendelea kumwambia hivyo kila siku kwa miaka sita. Neno la uongo hutamkwa mara moja, baadaye huwezi hata kukumbuka ulilisema vipi. Kazi ya uongo inabaki pale pale inafanya kazi. Kila mvua ilipopiga kutoka kaskazini mashariki, tulichokifanya Agosti 2018 kilifanyika upya, mimi nikiwa Dar es Salaam maktabani.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa anasoma Athens kitabu kuhusu wajibu. Katika sehemu ya tatu anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba. Muuzaji anajua kwamba nyumba ina nyoka vyumbani na mbao zake ni mbovu, mnunuzi hajui. Je, anapaswa kusema? Cicero anawapambanisha Wastoa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimisha azitaje, asiseme uongo, basi. Hakuna aliyemlazimisha mtu kununua. Antipater anaona hilo ni baya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea, kwa kuwa hapa unamwingiza mwenzako kwenye upotevu huku unajua. Cicero anasimama na Antipater, na anatoa tofauti ambayo imenisumbua kuliko yote niliyosoma mwaka huo: kunyamaza tu si kuficha. Kuficha ni kutaka, kwa faida yako, mtu asijue jambo ambalo ana maslahi ya kulijua.

Nilijaribu kujificha kwenye ufa huo. Faida yangu ilikuwa nini? Bati halikuwa langu. Nililipwa ujira wa siku. Lakini nikikaa nalo kwa utulivu, faida ninaiona. Nilitaka Mjomba aendelee kuwa Mjomba. Nilitaka na mimi niendelee kuwa yule kijana msomi aliyejishusha akabeba sanduku la zana.

Madrasa tulifundishwa habari ya Mtume sokoni, naye Mjomba mwenyewe aliipenda. Anapita kwenye rundo la nafaka linalouzwa, anaingiza mkono ndani, vidole vinatoka vimelowa. Muuzaji anasema ni mvua iliyonyesha. Anaulizwa kwa nini basi sehemu iliyolowa hakuiweka juu, watu waione. Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hiki kinahusu wafanyabiashara. Sasa ninachokiona ni kwamba mvua haikulaumiwa. Nafaka kulowa halikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa namna alivyoipanga.

Na ndicho nilichokitafuta kwa Mjomba, mahali pa kuweka lawama pasipokuwa yeye. Watoto wake walikuwa wanne. Jiko lilikuwa linavuja. Ukiweka kwenye mizani uji wa watoto na fremu itakayooza baada ya miaka kadhaa, hata mimi nalipeleka bati jikoni. Tatizo ni kwamba hilo silo alilolichagua. Kati ya jiko na mlango palikuwa na njia ya tatu, ya kuvuka uwanja mmoja na kusema: Mwalimu, nimekwama, bati nimelitumia. Aliyemfundisha kusoma darasa la tatu. Alichokilinda kwa silikoni ile hakikuwa watoto, maana bati lilikuwa tayari juu ya jiko. Alikuwa analinda uso wake.

Mjomba alifariki 2021. Kwenye msiba Mwalimu alisimama, akasema machache, na kati ya hayo akasema marehemu alikuwa fundi mwaminifu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wajomba wengine na wapwa. Niliangalia chini. Baada ya arobaini nilikabidhiwa zana: randa, patasi, timazi na ile pimamaji ya chuma. Mtu anaporithi zana hakuna anayemuuliza kama anarithi na kazi zilizofanywa kwa zana hizo. Mawazo ya vitabu ninavyosoma yanasema hapana, kosa ni la aliyelitenda na linakufa naye. Mawazo ya bibi yangu yangesema deni la ukoo halizikwi. Mimi sikuhitaji kuamua kati yao, ingawa nilitumia miezi nikijifanya nahitaji. Zege lile nililikoroga mwenyewe.

Sheria nayo ina saa yake. Sheria ya ukomo ya Tanzania, ya mwaka 1971, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba. Nilipohesabu niliona kwamba miaka 6 ya mlango ule ingetimia Agosti 2024, na naona aibu kusema kwamba nilihesabu. Sheria hiyo hiyo, kwa bahati nzuri au mbaya, inasema pale haki ya kudai ilipofichwa kwa hila, saa haianzi mpaka mwenye haki agundue au awe angeweza kugundua. Waliotunga kifungu hicho walikuwa wanamfikiria mtu kama mimi.

Nikaamua nitautengeneza mlango. Nilikuwa na fedha kidogo za kukusanya takwimu kwenye mradi wa utafiti. Nilimpigia Mwalimu Aprili, nikamwambia likizo nitakuja kumwekea mlango mpya, asitoe hata shilingi. Alifurahi mpaka akashindwa kusema. Baadaye mama aliniambia kwamba Mwalimu ametangaza kijiji kizima: yule mtoto, na usomi wake wote, hajasahau alikotoka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nalipa deni na kuliita zawadi. Kila shukrani yake ilikuwa kitu kingine nilichomchukulia. Bati lilikuwa la shilingi 22,000. Sasa nilikuwa nachukua na heshima juu yake, kwa mkono ule ule.

Nilimweleza rafiki yangu wa darasani, tukiwa tunangoja daladala. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo bado naona lina nguvu: kwamba nikimwambia Mwalimu, nitakuwa nautua mzigo wangu kichwani mwake. Bibi wa miaka sabini na kitu, ana kumbukumbu moja nzuri ya mwanafunzi wake, mimi naenda kuiharibu ili nilale vizuri. Tengeneza mlango, unyamaze, alisema, hayo ndiyo malipo yako, kunyamaza na kushukuriwa. Sikuwa na jibu. Kuna watu wanaotubu kama wanaotapika, hawaangalii wanatapikia wapi.

Jibu nililipata kwa Mwalimu mwenyewe, bila yeye kujua. Nilitaka kwenda Mei, lakini Kimbunga Hidaya kilifika pwani Mei 4, mvua zikaikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, safari ikasogea hadi Julai. Tukawa tunazungumza kwa simu. Siku moja aliniambia nisinunue vioo. Ameamua tundu lile lizibwe kwa tofali, liachwe dirisha dogo tu.

“Ni tamaa zangu, mwanangu. Niliona picha nikaitaka. Milango ile si ya kwetu. Mjomba wako alifanya alivyoweza, lakini mvua ya kwetu si ya kwenye gazeti.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimejiuliza kama nina haki ya kumharibia kumbukumbu, sikujiuliza kumbukumbu hiyo inaishi kwa kula nini. Ilikuwa inamla yeye. Mlango umeoza, lazima kuna sababu. Fundi alikuwa mwaminifu, basi sababu ni mwenye nyumba aliyetaka mwanga. Alikuwa karibu kuuzibia ukuta mzima na kukaa gizani miaka iliyobaki, akijiona mjinga, kwa ajili ya kipande cha bati. Mtu akikunyima ukweli kuhusu nyumba yako, haachi pengo. Utalijaza mwenyewe, na mara nyingi utajijaza wewe.

Kuna pia jambo la kawaida tu, ambalo wanafalsafa wangelianza nalo kama wangekuwa mafundi. Mlango wa mbele na madirisha matatu ya nyumba ile ni kazi yetu vilevile. Hivyo tuliviweka inavyotakiwa. Lakini mtu mwenye haki ya kuvikagua ni yeye, na hawezi kukagua asichokijua.

Nilifika Naipingo Jumanne jioni, basi hadi Masasi, gari dogo hadi Nachingwea, kisha bodaboda. Nilimwambia kesho yake asubuhi, kabla sijafungua sanduku la zana. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalinitoka kwa mpangilio mbaya: nikaanza na jiko, nikarudi kwenye bati, nikasahau silikoni nikairudia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, miwani imeshuka puani, kama anasahihisha.

Nilipomaliza alinyanyuka akaingia ndani. Alirudi na daftari la mistari, la matumizi ya ujenzi. Akafunua kurasa, akaweka kidole.

“Bati la gorofa moja, elfu ishirini na mbili. Hili?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Lilikwenda juu ya jiko.”

“Ndiyo. Nilipigilia mimi.”

Alinyamaza muda mrefu. Kuku walikuwa wanapekua chini ya mkorosho.

“Angeniomba ningempa,” alisema.

Siku hiyo na iliyofuata hakuniambia kitu zaidi ya kuitikia shikamoo. Sikujua kama nibaki au niondoke. Nilibaki, nikafanya kazi. Siku ya tatu alileta kiti chake nyuma, akakaa anatazama, na kwa mara ya kwanza akauliza swali: kwa nini sehemu moja ya mwimo imeoza na nyingine ngumu kama jiwe.

Nilimwonyesha. Fremu ilikuwa ya mninga, na moyo wa mninga, ule mwekundu, ulikuwa mzima kabisa baada ya miaka sita ya kukaa majini. Lakini kwenye ukingo wa nje Mjomba alikuwa ameacha utepe wa ile mbao nyeupe inayokaa karibu na gome. Hiyo ndiyo iliyokunywa maji. Mchwa walifuata unyevu, wakapanda kupitia ufa wa zege, wakaishi humo kwa raha. Chini ya silikoni ya nje, pale palipokuwa pameng'aa, palikuwa na tope jeusi lenye harufu ya mtungi wa zamani. Nilikata zege lote lile kwa patasi ya mawe. Nilichimba mfereji wa nje hadi kina chake, nikaweka mteremko, nikausuka wavu wa nondo nyembamba. Nikaongeza upenu kwa mabati mawili. Kisha nikakunja trei.

“Hebu,” alisema. Nikampa. Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kona ambapo mikunjo miwili inakutana. Akauliza kama pale hapavuji. Nikamwambia pamepigwa risasi ya kuunganishia bati. Akatazama ndani ya kona hiyo kupitia miwani, akanirudishia.

Alichukua kalamu, akaandika kitu kwenye daftari. Sikuona ni nini na sikuuliza.

Mabawa tulitundika Jumatatu, yeye akinishikia bawaba. Kabla ya kuweka mbao za kufunika pembeni, ambazo zikishawekwa huoni tena kilichomo, fundi anatakiwa ajaribu kwa maji. Nilijaza ndoo mbili kisimani. Nilimwomba asimame ndani, na mimi nikabaki nje kwenye baraza. Kupitia kioo nilimwona anapiga magoti taratibu, mkono mmoja kwenye kiti, akaingiza vidole kwenye mwanya kati ya fremu na sakafu, kule ndani kabisa.

“Mwaga,” alisema.

Nikamwaga ndoo ya kwanza kwa nguvu, kama upepo wa Januari. Maji yakagonga kioo, yakashuka, yakapotea kwenye wavu. Baada ya muda kidogo uzi mwembamba wa maji ukaanza kutoka kwenye mdomo wa bati, ule ulioachwa wazi.

Hakuondoa mkono. “Nyingine,” alisema.